Jani la isale kwenye kadi 120

Mpwa wangu alipitisha kidole juu ya kadi aliyoikuta kwenye boksi la sampuli, akakirudisha, akapitisha tena. "Shangazi, hili jani limebandikwa?" Halikubandikwa. Limechapwa kwa muhuri, likanyunyiziwa unga, likapashwa moto mpaka unga ukayeyuka na kushikana, ukabaki umeinuka juu ya karatasi. Nilimjibu haraka kwa sababu mteja alikuwa anasubiri, lakini tangu hapo usiku ule wa Majengo, mjini Moshi, tulipochapa kadi za jani hilo, haujaniachia, na nimeona niuandike.

Ilikuwa harusi ya Dada Mkubwa. Kwetu Kwaresma haifungwi ndoa, kwa hiyo harusi hurundikana baada ya Pasaka, na kadi zake hutengenezwa masika yakiwa yamekolea, wakati mgumu kuliko wote kwa mtu anayefanya kazi ya karatasi. Mama Mdogo ndiye aliyekabidhiwa kadi zote 120. Zingeweza kupelekwa kwa mchapaji pale mjini zikaisha upesi, ila yeye alishakata shauri kwamba kila kadi iwe na jani la isale.

Watu wa Kilimanjaro hawana haja ya kuelezwa. Isale ndilo jani analopeleka Mchaga akiomba msamaha, na aliyeletewa huona vigumu sana kukataa. Ndilo pia linalopandwa kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo. Na mpaka ndio uliomfanya Baba Mkubwa asikanyage nyumbani kwa Baba tangu Dada Mkubwa akiwa sekondari. Jani aliloliweka Mama Mdogo mezani ili alichore alikuwa amelichuma Uru, kule mlimani, kwenye mstari ule ule wa masale waliokuwa wakiugombania. Hakutaka kumtengenezea Baba Mkubwa kadi ya peke yake, asije akaona amenyooshewa kidole. Alitaka wageni wote wapate jani, na yeye akilishika alijue. Baba aliuona mchoro, akausogeza karibu na taa, akautazama, akaurudisha mahali pake.

Isale ni jani refu, jembamba, lenye ncha, na mishipa yake huenda sambamba toka shinani. Muhuri wake ulitakiwa uwe na urefu wa sentimita 9, na kifutio cha shule hakifiki huko. Fundi viatu wa karibu na soko la Mbuyuni akamkatia kipande cha mpira wa soli, ule laini usio na michirizi. Mpira mpya huwa na utelezi, wino ukiupaka hujikusanya matone badala ya kutandaa, kwa hiyo hupigwa msasa laini kidogo tu, mng'ao utoke, bila kuacha mikwaruzo. Mchoro aliuchora kwa penseli laini kwenye karatasi nyembamba, akaugeuza uso chini juu ya mpira, akasugua kwa mgongo wa kijiko. Ukihamia hivyo mchoro unakuwa umegeuka, na ukichapwa kwenye kadi unarudi sawa. Kwa jani haina uzito mkubwa, lakini chini ya jani kulikuwa na neno "Karibuni", na herufi ndizo zinazowaumbua wanaochora moja kwa moja kwenye mpira.

Kifaa cha kuchongea kilikuwa ubavu wa mwavuli mbovu. Ule ubavu wa chuma una mfereji tayari. Ukinolewa ncha kwenye jiwe na kushindiliwa kwenye mpini wa mti, unachimba safi. Kanuni ni kuacha kila mstari uwe mpana chini kuliko juu. Ukichimba kuelekea ndani, chini ya mstari, unabaki umening'inia, na baada ya kuchapa kidogo unalala au unakatika. Mama Mdogo aliacha kila mshipa upana wa kama milimita 1, akakataa kwenda chini ya hapo hata kama jani halisi lina mishipa myembamba zaidi. Mpira wa soli hauvumilii. Kisha akaugundisha kwenye kibao cha mgrevilea.

Karatasi ilikuwa kadi nyeupe isiyong'aa, gramu 250 kwa mita ya mraba, karatasi 60 za A4. Ukikata A4 katikati ya urefu wake unapata A5 mbili, na kila A5 ikikunjwa inakuwa kadi ya A6 inayoingia vizuri kwenye bahasha ya C6, milimita 114 kwa 162. Kabla ya kukata aliikunja karatasi kidogo kwa mikono, bila kuivunja, kwanza kwa urefu kisha kwa upana, akasikiliza upande upi unalegea. Unaolegea ndio unaofuata nyuzi. Mkunjo wa kadi ukifuata nyuzi unakaa laini. Ukizikata, mgongo wa kadi unapasuka na kuonyesha manyoya meupe, na kwenye karatasi ya rangi aibu hiyo huonekana toka mlangoni. Zile zilikuwa na nyuzi zinazokwenda na urefu wa A4, kwa hiyo baada ya kukatwa mkunjo uliangukia penyewe. Mstari wa kukunjia ulipigwa kwa rula ya chuma na kalamu ya bomba iliyokwisha wino.

Wino wa jani haukuwa wino kama tunavyoujua. Ni gliserini, ile ya duka la dawa, vijiko viwili vya chai kwa kijiko kimoja cha maji, na tone la wino wa zambarau wa mihuri ya ofisini ili jicho lione palipochapwa. Unga wa dhahabu ukishayeyuka unaifunika zambarau yote. Gliserini inatakiwa kwa sababu haikauki upesi, na unga unahitaji kitu kibichi cha kunasia. Wino unaonywewa na karatasi mara moja hushika unga kwa mabaka. Unga wenyewe si glita: ni chembe laini sana za plastiki yenye rangi, zinazoyeyuka zikipata moto. Mjini Moshi unga huo haukupatikana, uliletwa kutoka Nairobi, kopo dogo. Linatosha kadi nyingi kuliko unavyodhani kwa sababu kinachotumika ni kile kilichonasa tu, kingine chote hurudi koponi.

Umeme ulikatika jioni, zaidi ya nusu ya kadi zikiwa bado. Mpaka hapo tulikuwa tukiyeyushia juu ya jiko la umeme la koili. (Kikausha nywele hakifai, nalisema hapa kwa sababu naulizwa sana. Upepo wake ni mwingi na moto wake mdogo, kinapeperusha unga kabla haujaanza kulainika.) Kaka yangu alikuwa anapanda Uru alfajiri na kadi za upande wa kule, ya Baba Mkubwa ikiwemo. Kungoja umeme haikuwezekana.

Mama Mdogo akawasha jiko la mkaa barazani, chini ya bati, mahali mvua haifiki na hewa inapita. Hakuruhusu mtu kupepea. Mkaa uliachwa ukolee wenyewe mpaka ukawa mwekundu wote, kwa sababu jivu likipeperuka na kutua juu ya unga, dhahabu ikishalifunika halitoki tena. Juu yake akaweka kikaango cha chapati, kile kizito cha chuma, akadondoshea tone la maji. Tone likajikusanya na kukimbia juu ya chuma kama ushanga. Maana yake kikaango kimepita kiasi na karatasi itababuka. Akaondoa makaa mawili kwa koleo, akangoja, akadondosha jingine. Hilo likatandaa, likachemka, likakauka pale pale. Akavuta kigoda.

Tulijipanga watatu. Binamu yangu alichapa ndani, mimi nilinyunyiza unga, Mama Mdogo alishika moto. Kila kadi ilipitishwa kwanza karibu na jiko ikauke, kwa kuwa masika karatasi hunywa unyevu wa hewa, na unga hunata hata mahali pasipochapwa. Kisha ikapigwapigwa na kifuko cha kitambaa chenye poda ya mtoto, kuondoa mafuta ya vidole. Muhuri haukukandamizwa kwenye pedi. Pedi, kipande cha sponji kilichofungwa kitambaa cha khanga iliyochakaa, ndiyo iliyogongwagongwa juu ya muhuri mpaka mishipa yote ikang'aa unyevu. Chini ya kadi kulikuwa na magazeti kadhaa, kwa kuwa mpira wa soli ni mgumu na unataka mto. Mkono ushuke wima na uinuke wima. Ukiyumbisha, kingo za sehemu zilizochimbwa nazo zinachapa, na jani linazungukwa na vumbi la mistari. Unga unamwagwa kwa wingi papo hapo, kadi inainamishwa, unga uliobaki unateremkia kwenye karatasi iliyokunjwa mfereji, mgongo wa kadi unagongwa kwa kidole mara moja, na chembe zilizopotea njia zinafagiwa kwa brashi kavu. Kabla ya moto chembe inafagika. Baada ya moto ni ya kudumu.

Mama Mdogo aliibana kadi ya kwanza kwa kibanio cha nguo cha mbao, akaishika sentimita kama mbili juu ya kikaango, uso juu. Taa ilikuwa ya chemli. Kwa muda hakuna kilichobadilika. Unga ulikaa juu ya karatasi, wa kahawia hafifu, hauna mng'ao wowote, ungeweza kuupuliza ukaondoka. Kisha pale shinani, moto ulipopenya kwanza, chembe zilianza kushikana. Vinafasi kati yake vikaziba. Palipokuwa na ukwaruzo pakawa na kitu kimoja, kinene, chenye mgongo, na kikawaka dhahabu. Mng'ao ukapanda mshipa mmoja, ukaingia wa pili na wa tatu, ukaelekea juu. Yeye aliisogeza kadi polepole akiufuata, hakuutangulia. Kidole chake cha shahada kilikuwa chini ya ukingo, kikipima joto. Hapo ndipo kazi yote ilipo, katika kujua wakati wa kuacha. Ukiitoa mapema, jani linakwaruza chini ya kidole na linabanduka siku kadi inapokunjwa. Ukizidisha, dhahabu inazama kwenye karatasi, inabaki bapa, na kuonekana doa la mafuta. Mng'ao ulifika nchani, neno "Karibuni" nalo likawaka herufi kwa herufi toka K, akaiondoa. Harufu ya plastiki ya moto ilichanganyika na ya mkaa na ya udongo uliolowa.

Bibi akaomba ashike. Akaweka kidole gumba shinani, akaenda nacho taratibu mpaka nchani, kisha akasema, "Mmemwekea na mishipa."

Nyingine zote zilifuata njia hiyo hiyo. Zilipoa moja moja mezani, bila kupandishwa juu ya nyingine, maana dhahabu yenye joto hunata. Zilizopoa ziliwekwa chini ya tofali lililofungwa gazeti, kwa sababu moto wa chini hukausha mgongo wa karatasi na kadi hujikunja. Alfajiri zilikuwa zimenyooka. Kaka akapanda Uru na mvua.

Baba Mkubwa aliipokea barazani kwake. Aliigeuza, akalipapasa jani, akasema, "Isale huletwa bichi, mkononi. Hili mmelipika." Halafu akamwuliza kaka kama amekunywa chai.

Siku ya harusi alikuja. Alichelewa, akakaa upande wa familia, akala ndafu ilipokatwa, akasimama karibu na Baba kwenye picha. Mpaka haukutajwa. Baadaye kwenye vikao vya ukoo mzee mmoja alisema isale la karatasi ni picha tu, halimfungi mtu, na kwamba halikupaswa kusambazwa kwa wageni ambao hawakukosewa na yeyote. Bibi alisema aliyeliona alijua anaombwa nini. Wote wawili walikuwa na haki, nadhani. Baba Mkubwa angeweza kuja hata bila jani, kwa kuwa mtoto wa ndugu yake anaolewa. Au labda kilichomleta ni kijana aliyelowa kwa ajili yake. Mpaka ulizungumzwa tena miaka iliyofuata, safari hii wakiwa wamekaa meza moja, na haujaisha.

Muhuri ninao mimi sasa. Mpira wa soli ukifutwa kwa kitambaa cha maji kila baada ya kazi na kuwekwa mbali na jua unadumu sana. Mishipa yote bado inachapa. Wageni wanaoshuka mlimani wakiiona ile kadi ya sampuli huitaka, wengine huomba dazeni. Mama Mdogo ananiambia niwachapie, jani ni jani. Nikikumbuka maneno ya yule mzee nasita, na nikikumbuka ya Bibi nasita zaidi, kwa sababu kama jani lile lilisema kitu kweli, sijui linamwambia nini mtu anayelipeleka kwao Ulaya kama pambo. Sijaamua. Kwa sasa wanaotaka kitu cha Kilimanjaro nawachapia ua la kahawa, petali tano nyembamba, kwa unga mweupe. Mweupe unataka jicho kali kuliko dhahabu, maana ukizidi moto kidogo tu hugeuka manjano.