Kutoka Mtoni hadi Baharini: Hesabu Tulizozipiga Kabla ya Kung'oa Nanga

Safari yetu ilianza juu mtoni, ikapita malango ya maji (vyumba vyenye milango ambamo maji hupunguzwa ili boti ishuke), ikatokea kwenye mlango wa mto, kisha ikafuata pwani. Hatari nazo tulizipanga kwa mfuatano huohuo, maana kasoro nyingi za boti hulala kimya mtoni na kuamka baharini.

Tulianza na mafuta. Boti ilikwenda maili 7 za baharini kwa saa na kula lita 9 za dizeli kwa saa. Kipande kirefu kisicho na kituo cha mafuta kilikuwa maili 84. Mkondo wa maili 3 kwa saa ulitusaidia kushuka, hivyo lita 76 zilitosha. Lakini kama mlango wa mto haupitiki, inabidi kurudi, na kupanda dhidi ya mkondo huohuo ni saa 21 na lita 189. Jumla ni lita 265. Tulitaka theluthi moja ya tangi ibaki akiba, kwa hiyo tulibeba lita 400.

Madaraja tuliyapimia urefu kuanzia usawa wa maji hadi ncha ya antena. Mto ukijaa, kina huongezeka lakini nafasi chini ya daraja hupungua kwa kiasi kilekile. Ndiyo maana tulisoma vipimo vya maji kila asubuhi.

Ndani ya malango, kamba haifungwi kwa fundo. Huzungushwa kwenye nguzo na ncha yake kushikwa mkononi, ilegezwe kadiri maji yanavyoshuka. Ikikwama, boti huning'inia ubavu mmoja na kupinduka, kwa hiyo kisu kikali kilikaa karibu na kila mshika kamba. Nyuma ya chumba kuna kizingiti cha zege kisichoonekana maji yakiwa juu; shetri, yaani sehemu ya nyuma ya boti, ikikalia hapo, omo, yaani sehemu ya mbele, huzama.

Mlango wa mto ndio uliotuchukulia muda mrefu kuliko yote. Mchanga hujenga fungu pale, na maji yanapokupwa, mkondo unaotoka hugongana na mawimbi yanayoingia, yakasimama wima na kuvunjika. Tulipanga kuvuka saa moja kabla ya maji kujaa kabisa, mchana, jaketi za kuokolea zikiwa zimevaliwa na madirisha yamefungwa. Sharti la kughairi liliandikwa tukiwa bado gatini: mawimbi yakivunjika upana wote wa njia, tunarudi. Uamuzi huo haufai kuachiwa dakika ile, watu wakiwa wamechoka na tarehe ya kufika inawasukuma.

Hapo ndipo injini huzimika. Uchafu uliotulia chini ya tangi miezi mingi hutikiswa na mawimbi ya kwanza, ukaziba chujio. Siku moja kabla tulimwaga maji na tope kutoka chini ya tangi, tukaweka chujio jipya, tukabakiza mawili ya akiba na spana yake pembeni. Kila mtu alijifunza kutoa hewa kwenye mfumo wa dizeli. Nanga iliwekwa tayari kushushwa, kwa sababu injini ikifa ndiyo breki pekee.

Pwani, redio ya mawasiliano ya VHF ilisikiliza chaneli 16, ile ya wito wa dharura, muda wote. Mtu wa nchi kavu alikuwa na karatasi yenye rangi ya boti, idadi ya watu, vituo na saa ya kuripoti. Zikipita saa 2 bila habari, awapigie waokoaji.

Hesabu ya nanga nayo ilibadilika. Mtoni, kina cha mita 4 na mita 1 ya kimo cha omo ni mita 5. Ukizidisha kwa 5, mita 25 za mnyororo. Pwani tuliongeza mita 3 za maji kujaa: mita 8 mara 5, yaani 40. Boti iliyoachiwa zile 25 hutulia jioni, kisha huburuta nanga usiku maji yanapopanda.