Wiki ya sita: nilitaka kuisingizia dreja

Haya jamani, wiki ya sita ya kupima nyasi bahari karibu na pale dreja, ile meli ya kuchimba chini ya bahari, inapochimba njia ya meli, na leo nakiri, nilishatoa hukumu kabla ya kesi.

Nina vituo viwili. Kimoja kiko upande mkondo unakopeleka lile tope, kingine cha kulinganishia kiko mbali, tope halifiki, ila kina cha maji na aina za nyasi ni zilezile. Vyote nilianza kuvipima kabla dreja haijagusa maji, maana ukija baadaye utajuaje hali ilikuwaje? Natandaza kamba ya mita 50, kila mita 5 naweka fremu ya sentimita 50 kwa 50, nakadiria nyasi zimefunika asilimia ngapi, napiga picha, nasogea. Chini nimefunga na sensa ya mwanga, kwa sababu hizi nyasi ni mimea ya maua kabisa sio mwani, kwa wastani zinataka kama asilimia 11 ya mwanga unaopiga juu ya maji, tope likitanda siku nyingi zinaanza kula akiba ya wanga iliyo kwenye mashina chini ya mchanga, ikiisha ndo basi.

Sasa juzi napakua data, mwanga umeshuka karibu nusu! Nikajua nimeikamata, kidogo nianze kutuma grafu kwa watu. Ile nafungua data ya kituo cha kulinganishia, nayo imeshuka vilevile. Nikazama kuangalia, kumbe kioo cha sensa kimeota utelezi wa kijani, nikaupitisha kidole ukatoka kama kamasi. Yaani muda wote napima uvivu wangu wa kusafisha.

Data ya wiki mbili naitupa, roho inaniuma kweli. Sasa hivi nafuta kioo kila wiki na naandika saa niliyofuta.

Lakini kuna kitu sijakielewa bado. Kituo cha tope, vijani vya Halophila, aina mojawapo ya hizi nyasi, vina vumbi laini la kijivu, ukivigusa linapaa kama moshi, kule kwingine hamna. Halophila ni wepesi kufa na wepesi kurudi, kwa hiyo nimeanza kuhesabu machipukizi yake peke yake. Enhalus, aina nyingine, yale majani marefu, yanavumilia zaidi, yakianza kukonda hayo ndo ntaogopa, maana kurudi kwake ni miaka.

Bamvua ijayo nasimika vipande vya bomba vilivyozibwa chini, vikusanye tope linaloshuka, nilikaushe nilipime uzito. Vituo vyote viwili safari hii, na sensa nazifuta kwanza.