Bunduki ya kindi: nunua ya kawaida, pesa ya ziada iende kwenye darubini

Agosti ikikaribia simu yangu haipumziki. Swali ni lile lile: kaka, nataka kuanza kuwinda kindi, ninunue bunduki gani? Mimi huanza kwa kuuliza maswali mawili. Una dola ngapi? Na nyumbani wanasemaje?

Hilo la pili watu hulicheka, lakini silitanii. Sisi wa Fizi na Uvira kule Kongo tuliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, bunduki tunaijua kwa upande wa mdomo wake tu. Kambini mwenye bunduki alikuwa polisi, sisi watoto tulikuwa na manati, na ndege ndio walioteseka. Hapa Kentucky jirani anatoka na bunduki begani Jumamosi asubuhi, anakupungia mkono, anaingia kwenye gari lake. Mimi ilinichukua muda kuzoea. Mama Neema alinikuta mezani nikiangalia picha za bunduki kwenye simu, akasema neno moja tu: "Ile inayofanana na ya wale watu haiingii humu." Sikubishana naye. Basi kitako kikawa kimeshachaguliwa: cha mbao, siyo cha plastiki nyeusi. Niliongeza pesa kidogo kwa ajili ya mbao na sijaijutia hata senti. Inakaa kwenye kabati la chuma lenye kufuli, risasi ziko kwenye sanduku lingine chumba kingine. Watoto wanajua ipo na wanajua haiguswi.

Mambo ya karatasi nayapitia haraka. Ukinunua dukani utajaza Fomu 4473, na asiye raia anaandika ile namba yake ya uhamiaji. Jaza kweli tupu. Kuna swali la bangi pale, na kuna la kesi ya kumpiga mwenzi wako. Kudanganya kwenye fomu ile ni kosa la shirikisho, na kwa mtu mwenye grini kadi mambo hayaishii mahakamani. Kwa uwindaji wenyewe, kama umezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye, Kentucky inakutaka uwe na kadi ya mafunzo ya uwindaji pamoja na leseni. Mafunzo yale siyo magumu, na mengi ninayoyaandika hapa nilianza kuyasikia pale.

Sasa bunduki. Kindi wetu ni wa aina mbili: wa kijivu, mdogo na mjanja, na mwekundu wanayemwita fox, ambaye akishiba anaweza kukaribia kilo nzima. Wote wawili wanatosheka na .22 Long Rifle, risasi iliyoanza kutengenezwa mwaka 1887 na mpaka leo hakuna iliyoiondoa kwenye kazi hii. Haikupigi bega, kelele yake ni ndogo, na bei yake inakuruhusu kufanya mazoezi bila kugombana na bajeti ya chakula. Kijana wa dukani anaweza kukusifia .17 HMR, iliyotoka mwaka 2002. Ni kweli inakwenda kasi sana na kwa njia iliyonyooka. Lakini mimi nawinda nile. Ile ikimpata kindi mwilini, unaokota manyoya na michubuko. Kama lengo ni sufuria, achana nayo.

Kuna watakaokuambia ununue ya marisau, ile inayotawanya vidonge vingi vidogo kwa mpigo mmoja, na Agosti hawakosei. Msimu unapofunguliwa miti bado imevaa majani yote. Kindi unamsikia juu ya mti wa hikori, maganda yanadondoka ta-ta-ta mpaka kwenye kofia yako, lakini unachomwona ni mkia tu, kisha tawi linatikisika, kisha hakuna. Hapo bunduki ya marisau ya geji 20 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye marisau ya ukubwa namba 6 inafanya kazi vizuri hadi yadi 30 au zaidi kidogo. Sababu nyingine ni usalama. Soma pembeni ya boksi la .22: wanakuonya kwamba risasi ile inaweza kufika maili moja na nusu. Ukiifyatua kuelekea angani kupitia majani ukamkosa kindi, hujui inatua kwa nani. Huku kwetu karibu na Ziwa la Barren River msitu ukiisha kuna shamba la mtu, ng'ombe wake na nyumba yake. Mimi na .22 sipigi mpaka nione shina au tawi nene nyuma ya kindi, au awe chini na kilima kikiwa nyuma yake. Marisau yanarudi chini karibu na yakiwa yamepoteza nguvu.

Ubaya wa marisau unauona mezani. Mama mkwe aliwahi kutafuna moja ndani ya mchuzi, akaitoa mdomoni, akaiweka pembeni ya sahani bila kusema kitu, na mimi nikajua mazungumzo ya jioni hiyo yameisha. Kwa hiyo nyumbani kwangu ya marisau ni ya majani mabichi. Majani yakianguka, kuanzia mwishoni mwa Oktoba, natoka na .22, napiga kichwa, na nyama inaingia sufuriani nzima.

Ya kujikoki yenyewe au ya kukoki kwa mkono? Ruger 10/22 ipo tangu mwaka 1964 na kila mzee hapa ana moja. Marlin Model 60 ilianza mwaka 1960, na za mitumba utazikuta kwenye maduka ya rehani. Zote mbili zinajikoki na zote zimeshaua kindi wasiohesabika. Hata hivyo mtu anayeanza namwambia achukue ya kukoki kwa mkono. Ukijua risasi ya pili itakugharimu kuinua mkono, kuvuta, kusukuma na kutafuta shabaha upya, ile ya kwanza unaipiga kwa heshima. Savage Mark II haina bei ya kutisha, na uzito wa triga yake unaweza kuurekebisha mwenyewe. CZ 457 ya Wacheki ni ghali zaidi, lakini ukiishika utaelewa pesa ilikwenda wapi. Triga ndiyo ya kuangalia hasa. Dukani omba ruhusa, hakikisha pamoja na muuzaji kwamba ni tupu, elekeza pasipo na mtu, ivute taratibu. Ikikwaruza na kusitasita kabla ya kuachia, irudishe kwenye kaunta, hata kama mbao yake inang'aa.

Sasa kwenye kulenga, ndipo pesa za watu zinapopotea.

Vyuma vya kulengea vinavyokuja na bunduki vinatosha kujifunzia, na ningependa kila mtu aanze navyo kwenye karatasi. Tatizo ni mwanga. Kindi anatoka alfajiri, na chini ya hikori na mialoni alfajiri bado ni giza. Chuma cheusi, juu ya shina jeusi, juu ya mnyama wa kijivu: jicho la mtu aliyevuka miaka arobaini halitenganishi vitu hivyo vitatu. Kile kitone chekundu cha betri kinasaidia kwenye mwanga hafifu, ila hakikuzi kitu, na kindi akilala kifudifudi kwenye tawi unachohitaji kukiona ni sikio. Kwa hiyo darubini.

Hapo watu wanakimbilia kubwa. Shemeji yangu alinunua darubini ya kulungu, ndefu, ya kukuza mara 4 mpaka 16, akaifunga juu ya .22 yake na kuja nayo kwangu analalamika kwamba bunduki ni mbovu. Tuliilaza juu ya mifuko miwili ya mchanga, nikaielekeza kwenye kifuniko cha soda nilichokigongomelea kwenye nguzo, yadi kama 20. Nikamwambia: usiiguse, chungulia tu, kisha sogeza kichwa chako kushoto na kulia polepole. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini ukahama. Bunduki haijatikisika hata kidogo, lakini msalaba ulitoka katikati ya kifuniko ukaenda mpaka ukingoni, ukarudi. Akanyanyua uso akaniangalia kama mtu aliyeibiwa.

Hiyo inaitwa paralaksi. Darubini za bunduki kubwa kwa kawaida hurekebishwa kiwandani kwa yadi 100 au zaidi, kwa sababu ndiko kulungu anakosimama. Kwa umbali mfupi kuliko huo, jicho lako likiwa nje ya katikati kidogo, msalaba unakudanganya. Kwa kulungu uongo wa nusu inchi si kitu. Ubongo wa kindi wenyewe hauzidi inchi. Darubini zilizotengenezwa kwa .22 hurekebishwa kwa yadi 50 au 60: Vortex wana Crossfire II ya 2-7x32 iliyowekwa kwa 50, Leupold wana VX-Freedom ya 2-7x33 iliyowekwa kwa 60. Kuna pia zile zenye gurudumu la kurekebisha umbali mwenyewe, nzuri, ila ni nzito, na kindi hakusubiri uzungushe gurudumu.

Namba hizo zisomeke hivi: 2-7 ni mara inazokuza, 32 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Gawanya 32 kwa ukuzaji unaotumia, utapata upana wa mwanga unaofika jichoni. Ukiwa kwenye 4, ni milimita 8, zaidi ya inachoweza kupokea mboni yako gizani. Ukiwa kwenye 16 na kioo cha 40, kama ile ya shemeji, unabaki na milimita 2 na nusu, ndiyo maana alfajiri alikuwa anaona ukungu. Mimi natembea ikiwa kwenye 3 au 4, nikikaa chini ya mti na nina muda naipandisha mpaka 6. Msalaba nao uwe mnene pembeni na mwembamba katikati. Ule mwembamba wote unapotea kwenye matawi.

Kabla ya kulipa, angalia pia pete za kuifungia. CZ 457 ina mfereji wa milimita 11 juu yake, nyingine zinatumia reli ya Weaver au Picatinny, na pete ya hii haishiki kwenye ile. Mtu anafika nyumbani Jumamosi jioni na kila kitu isipokuwa pete.

Kupima shabaha, yaani kurekebisha darubini mpaka risasi itue pale msalaba ulipo, mimi naipima kwa yadi 50, yaani mita 46 hivi. Halafu jambo ambalo wengi hawalijui: darubini iko juu ya mtutu kwa inchi moja na nusu hivi, kwa hiyo jicho na risasi havipiti njia moja. Kwa risasi ya kasi ya kawaida iliyopimwa yadi 50, kindi akiwa yadi 10 risasi inampita chini ya msalaba kwa nusu inchi. Kati ya 25 na 30 inakuwa juu kidogo, theluthi ya inchi. Ikifika 75 imeshuka zaidi ya inchi mbili. Ndiyo maana kindi wa karibu kabisa, yule anayekuchungulia kutoka mti wa jirani, anakoswa na watu wanaojua kupiga: wanalenga sikio, risasi inapita kidevuni. Chora kwenye karatasi, piga kwa 10, 25, 50 na 75, bandika karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati. Mimi msituni sizidi yadi 40.

Risasi zenyewe nazo, usiamini boksi. Kila mtutu una unachokipenda, na mapacha wawili kutoka kiwanda kimoja wanaweza kukataa chakula cha mwenzao. Nunua maboksi ya aina nne au tano, piga tano tano kwa yadi 50 ukiwa umeegemea vizuri, pima upana wa matundu. Mtutu wangu ulichagua CCI Standard Velocity, yenye uzito wa greni 40 na kasi ya futi 1,070 kwa sekunde, ambayo haifikii hata kasi ya sauti. Kwa hiyo haipasui hewa, na mara nyingi ukimwangusha mmoja wenzake wanajificha dakika chache kisha wanaendelea kutafuna. Zile za kasi kubwa zenye maboksi ya rangi kali, kwangu zilitawanyika kama mbegu.

Mzee jirani yangu, ambaye babu yake alikula kindi kwa lazima, ana hadithi ya Daniel Boone, mwindaji maarufu wa zamani wa Kentucky: kwamba alikuwa hapigi kindi, anapiga gome la mti chini ya tumbo lake, na mnyama anaruka amekufa kwa mshtuko bila tundu mwilini. Audubon, yule mchoraji wa ndege, aliandika kwamba alimwona Boone akifanya hivyo kando ya Mto Kentucky, karibu na Frankfort. Wapo wanaosema Audubon alitia chumvi. Kwa vyovyote usijaribu na .22; risasi ikiteleza kwenye gome haikuulizi inakokwenda.

Basi, kwa aliyeniuliza juzi ana dola mia tano: chukua ya kukoki kwa mkono, ya kawaida, yenye triga safi, mpya au ya mitumba yenye mtutu usio na kutu. Darubini ya .22, siyo ya kulungu. Kitakachobaki kinunue risasi za kujaribia, na ukae uwanjani na karatasi kabla ya Jumamosi ya tatu ya Agosti, maana ndiyo siku ya kufungua. Kindi sita kwa siku ndiyo kikomo, na kwa familia ya watu wanne, kindi wanne wanatosha. Kama huna ya marisau kwa majani ya mwanzo, ya kwangu ya geji 20 naazima kwa mwenye leseni na kadi ya mafunzo. Uirudishe imesafishwa.