Flashi ya steshenari ilivyotuletea minyoo ya kompyuta nyumbani

Jumamosi moja mdogo wangu wa kike karudi kutoka steshenari, alienda kuprinti ripoti yake ya fildi, kafika kachomeka flashi kwenye kompyuta ya sebuleni arekebishe ukurasa mmoja hivi, mara nasikia naitwa, "Kaka, njoo uone, folda yangu imekuwa ndogo." Nikajua utani. Kwenda kuangalia, kweli bwana, folda yenye ripoti nzima na mapicha ya fildi inasoma 1KB, na pembeni ya ikoni kuna kale kamshale kadogo kalikopinda. Nikamuuliza umeshaibofya? Akasema ndiyo, kama mara tatu, "ila imefunguka kawaida tu."

Sasa hapo kwenye "imefunguka kawaida" ndo penyewe. Ile unayoiona si folda, ni shotikati (njia ya mkato ya kufungulia kitu kingine), na ukiibofya inapiga kazi mbili kwa mpigo: inaamsha kaskripti, kafaili kadogo ka amri, kalikojificha humohumo kwenye flashi, halafu inakufungulia folda yako halisi ambayo nayo imefichwa, kwa hiyo wewe unaona vitu vyako vipo unaendelea na maisha yako, kumbe mwenzako mnyoo, yaani programu mbaya inayojisambaza kwa kujinakili, ameshajinakili ndani ya kompyuta na anasubiri tu flashi itakayofuata. Na nyumbani kwetu flashi hazikauki, kuna ya mzee ya kwaya, kuna za majirani wanaokuja kuhamisha muvi walizojaziwa kule kibandani.

Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi. Ni katibu wa kikoba na humo ndani kuna Excel yake ya miaka 4, nani kachangia, nani kakopa, nani anazunguka zunguka. "Hela za watu zipo?" Nikamwambia mama hela haziko humu. Akasema, "Madeni yao ndo yamo humo." Nikaona kumbe sina la kujibu.

Cha kwanza nikakata intaneti. Cha pili nikafungua Task Manager, panapoonekana programu zote zinazokimbia, nikamkuta wscript.exe (yule wa Windows anayeendesha skripti) anakimbia wakati hakuna mtu aliyemtuma, nikamuua, nikaenda kwenye orodha ya programu zinazoamka kompyuta ikiwaka, kuna kitu kina jina la herufi za ajabu ajabu tu, nikakizima na kufuata faili lake huko lilikojificha nikalifuta. Baada ya hapo nikaifanyia flashi hii amri kwenye lile dirisha jeusi: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* (E ni herufi ya flashi yangu, yako inaweza kuwa nyingine). Folda halisi ikatokea, nikafuta shotikati na skripti. Ripoti ipo salama. Tafadhali usiformati flashi kwa hasira kabla hujajaribu hiyo, watu wamepoteza vitu vyao hivihivi wakati vilikuwepo, vimefichwa tu.

Mwisho nikaenda Windows Security, antivairasi inayokuja na Windows yenyewe, nikachagua ile skani ya ofulaini, ambayo kompyuta inajizima inawaka inajikagua kabla Windows yenyewe haijaamka vizuri, inachukua kama dakika 15. Hii naipenda kwa sababu mdudu anakutwa kalala.

Sasa nije kwenye aibu yangu. Nikajiuliza kwa nini Windows Security haikupiga kelele tangu mwanzo, maana minyoo ya hivi si migeni. Kuingia kwenye mipangilio nakuta diski C nzima ipo kwenye orodha ya vitu visivyokaguliwa. Nani kaiweka? Mimi. Mwaka uliopita nilikuwa napachika Office ya kukreki, maelekezo yakasema kwanza ruhusu diski C isikaguliwe, la sivyo antivairasi itaifuta programu, na mimi na elimu yangu yote nikaruhusu. Yaani nimemwambia mlinzi ageuke aangalie ukuta halafu nalalamika tumeibiwa.

Na apdeti nazo. Tunatumia hotspoti ya simu, bando linauma, kwa hiyo niliiambia Windows mtandao huu ni wa kupimwa (metered, yaani wa kuhesabu MB) isishushe kitu, na nikasahau kabisa. Hili ndo lililonitisha kuliko lile la flashi, kwa sababu mnyoo wa flashi angalau unahitaji mtu aubofye, wapo wasiohitaji chochote. Mnaikumbuka WannaCry? Ijumaa ya tarehe 12 Mei 2017, hospitali za Uingereza zinarudisha wagonjwa, kompyuta zinadai dola 300 za bitcoin, na hakuna aliyebofya kitu, mnyoo ulikuwa unatambaa wenyewe kwenye mtandao kupitia tundu la Windows. Tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba kwa apdeti ya tarehe 14 Machi, karibu miezi miwili kabla! Waliokuwa wameshusha walilala usingizi. Siku hizi apdeti nashusha usiku kwa bando la usiku, basi. Na kama bado upo Windows 10 ujue msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo jipange.

Kitu kingine cha dakika 1 tu, fungua folda yoyote nenda View uweke majina ya faili yaonekane hadi mkia wake, zile herufi za mwisho baada ya nukta zinazosema ni faili la aina gani. Windows inauficha mkia kwa kawaida, na huo ni mchezo wa zamani, ile ILOVEYOU ya Mei 2000 ilikuja kwenye barua pepe kama LOVE-LETTER-FOR-YOU.TXT.vbs, watu wakaona TXT wakasema ah maandishi haya, kumbe .vbs ni skripti. Invoisi inayoishia na .pdf.exe si invoisi, ni programu.

Excel ya mama sasa ina nakala kwenye eksteno (diski ya nje ya kuchomeka), na eksteno inakaa kabatini, haikai imechomekwa, maana hawa wa kufunga mafaili na kudai hela wakiikuta imechomekwa wanaifunga nayo. Mdogo wangu sasa anatuma ripoti kwa barua pepe kule steshenari, flashi haitoki nyumbani. Yule kijana wa steshenari nilimwambia kuhusu mashine yake, kwa upole tu, akanijibu "bro hizi zote zina hayo," akaendelea kutoa kopi.

Office ya kukreki nimeing'oa, nimeweka LibreOffice ya bure, na Excel ya mama imefunguka humo bila shida. Mama hana neno. Mzee ndo kila akikaa kuandika ratiba ya kwaya ananiita, "Hivi wewe, Word yangu umeipeleka wapi?"