Mlio wa Windows 95 umenikuta kwa fundi

Leo fundi wa kompyuta mtaani kwetu kaletewa mashine ya zamani, ile ya kioo cha kichogo. Kaiwasha kuijaribu.

Ikalia.

Jamani, ule mlio wa kuwaka wa Windows 95, programu endeshi ya Microsoft ya mwaka 1995! Watu wazima wote pale dukani tukainua vichwa kwa pamoja. Vijana wakabaki wanatushangaa.

Basi niwaambie, mlio ule una mwenyewe. Aliutunga Brian Eno, mwanamuziki wa Uingereza. Microsoft walimpa orodha ndefu ya sifa walizotaka: uvutie, uwe na matumaini, uguse hisia, na kadhalika na kadhalika. Mwisho wa orodha wakaandika urefu: sekunde tatu na robo! (Uliotoka unakaribia sekunde sita, lakini bado ni mfupi.)

Eno alisimulia kwamba alitunga vipande 84. Vipande 84 vya kuwashia kompyuta! Masikio yake yakazoea udogo huo kiasi kwamba aliporudi kwenye nyimbo za dakika tatu, aliziona kama bahari ya muda.

Hapo ndipo nimeganda. Sisi shuleni tulikuwa tunausikia huku tukimsubiri mwalimu aseme "msiguse kitu", wala hatukuwaza kuna mtu amekaa akapima kila noti.

Na kazi yenyewe aliifanyia kwenye Mac, kompyuta ya Apple, wapinzani wa Microsoft! Nimecheka peke yangu kwenye daladala.

Mlio wa Windows XP, iliyokuja baadaye, ni wa mtunzi Bill Brown, nao mtamu, ila kwangu 95 haina mpinzani. Nyie je? Mlio gani ukilia leo unakurudisha chumba cha kompyuta?