Mdahalo wa karafuu na muhogo

Mwaka 1980 nilikuwa nasoma skuli ndogo ya kilimo upande wa Kizimbani, Unguja. Wanafunzi tulikuwa wachache hata golikipa wa timu ndiye aliyekuwa mweka hazina wa klabu ya kuku, na alfajiri ndiye aliyeadhini. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka uliotangulia. Mwalimu Nyerere alitutaka tufunge mikanda kwa miezi 18, nasi mikanda yenyewe hatukuwa nayo. Kuna waliofunga suruali kwa kamba ya makumbi. Sabuni ilikuwa ikisikika tu. Tulifulia majani ya mpapai, na nguo zilitakata kuliko mtu anavyodhani.

Klabu zote ziliishi kwa mgongo wa kuku. Mayai yakiuzwa ndipo mpira ushonwe, ndipo karabai lipate mafuta ya taa, ndipo redio ipate betri. Betri zikichoka hatukuzitupa: tulizianika juani mchana kutwa, jioni zikatupa taarifa ya habari na, zikiwa na huruma, nusu ya kwanza ya mpira. Klabu ya nyuki ilikuwa na wanachama tele siku ya kurina asali. Siku ya kutengeneza mizinga walionekana wawili, mmoja akiwa mwalimu.

Mimi nilikuwa katibu wa klabu ya mdahalo, cheo nilichopewa kwa sababu ya mwandiko. Jumamosi moja, baada ya isha, mada iliyobandikwa mlangoni mwa ukumbi ilisema hivi: "Mkulima wa Zanzibar ni bora apande muhogo kuliko mkarafuu." Mtetezi wa muhogo alikuwa Komredi.

Jina lake halisi hatukulitumia kabisa. Alikwenda vitani na mgambo, akarudi, akaletwa kwetu kusoma pamoja na watoto, maana kwake sisi tulikuwa watoto. Ukimwuliza habari za vita atakusimulia migomba ya Masaka, kule Uganda: mashimo yalivyochimbwa, majani makavu yalivyotandazwa chini ya shina, na jinsi alivyoona haya kuikanyaga. Zaidi ya hapo humpati.

Usiku ule aliingia na muhogo mmoja mrefu, una udongo bado, akauweka juu ya meza mbele ya mwalimu wa mazao aliyekuwa jaji. Akasimama wima, akakohoa, akaanza kwa sauti ya Mwalimu ile ya mwaka 1978, alipotangaza kwamba Amin atapigwa: "Sababu ya kulima muhogo tunayo! Nia tunayo! Na uwezo tunao!" Ukumbi ukapasuka kwa vigelegele na makofi.

Alipotulia alizungumza vizuri kuliko sote. Mkarafuu, alisema, ukiupanda mtoto anapozaliwa, mpaka uanze kukupa kitu mtoto huyo keshaingia skuli. Muhogo ukiupanda masika hii, masika ijayo unakula, na majani umeshakula kisamvu zamani. Mvua ikikosekana, muhogo unangoja. Na karafuu, hata ukiwa nazo ghala zima, usiku ukiwa na njaa utazitafuna?

Upande wa pili alikuwepo dada mmoja wa Wete. Watu wa Pemba kwa karafuu huwaambii kitu. Wamekua wakichambua makonyo na kukimbizana na mvua kuondoa majamvi uani. Alinyanyuka taratibu, akatengeneza mtandio wake.

"Kaka Komredi, hilo shati ulilovaa limenunuliwa kwa muhogo?"

"Hili la jeshi, dada."

"Na jeshi lililinunua kwa muhogo?"

Hapo hata jaji aliinama kuficha uso. Dada akaendelea: meli, skuli, hospitali, hata chaki ya mwalimu, vyote vimetoka kwenye karafuu. Waindonesia wanazitia kwenye sigara zao, na mtu aliyezoea sigara haachi. Wao wavute, sisi tule wali.

Komredi akauliza kwa upole, "Na wakipanda yao?"

Watu walicheka. Nami nilicheka huku naandika. Lakini wakapanda kweli, na haukupita muongo ule bei ya karafuu ikaporomoka, Pemba nzima ikajua. Usiku ule, hata hivyo, lilikuwa swali la mtu aliyeshindwa. Kura zikapigwa kwa kuinua mikono, karafuu zikashinda kwa wingi mkubwa, nikaandika matokeo, jaji akatia sahihi, tukaenda kulala na njaa yetu. Chakula cha jioni kilikuwa uji.

Asubuhi Komredi alikwenda kumwagilia bustani ya klabu, akakuta matuta ya muhogo yamefumuliwa. Hakupiga kelele. Alizunguka nyuma ya dakhalia ya wavulana, akakuta jivu lina joto, akaokota maganda yaliyoungua, akayajaza kwenye pakacha. Tulikuwa kwenye foleni ya chai alipokuja kuliweka miguuni mwa mwalimu wa mazao.

"Maalim, naomba kura zihesabiwe upya."

Mwalimu alicheka mpaka akafuta machozi kwa kiko cha mkono, kisha akakasirika, maana muhogo ule ulikuwa wa mtihani. Waliochimba hawakuhitaji kutafutwa. Masizi yalikuwa vidoleni. Wengi wao walikuwa wameinua mkono kwa ajili ya karafuu. Matokeo hayabadilishwi, alisema mwalimu, ila matuta yatapandwa leo leo, na msimamizi ni Komredi.

Akawapanga kijeshi, mstari mmoja, kila mtu na pingili zake. Alizikagua moja moja. Aliyeleta pingili ya shina lenye batobato alirudishwa: "Hii gonjwa. Tupa mbali, usiiache shambani, kalete nyingine." Jua likapanda, mechi ya jioni na vijana wa kijiji cha pili ikaahirishwa.

Dada wa Wete alikuja kutazama na wenzake, wamesimama kivulini. Komredi akamwuliza kama amekuja kuomba radhi kwa niaba ya chama chake.

"Radhi ya nini?" alijibu. "Mimi nimekuja kuwauliza hawa, mbona dakhalia yetu hamkuiita?"