Namba 47
Jana nimetoka Kongwa na basi la saa kumi alfajiri, saa moja nipo kwenye benchi la kliniki Dodoma mjini, namba 47. Kemo, zile dawa kali za saratani, nilimaliza mwezi wa tano ila vidole bado vina ganzi, hata kufunga kifungo cha shati ni shughuli. Wakanitoa damu waangalie chembe nyeupe, zile za kinga ya mwili, majibu subiri, nikasubiri weee mpaka saa tisa, mgongo unauma na upepo wa Dodoma unatumwagia vumbi hadi mdomoni. Bibi mmoja akanimegea zabibu, nikamwambia bibi siruhusiwi tunda lisilooshwa kinga yangu iko chini, akacheka, akaenda kuziosha mwenyewe bombani! Chembe zimepanda kidogo. Narudi baada ya wiki 3, sasa hivi nipo hoi nalala.